Gramu Mia Tatu za Usingizi

1

Rubani Shehoza alianza kwa kuvua viatu, jambo la kawaida. Akavua mkanda, saa na kofia. Akatoa funguo mfukoni, tasbihi na leso, akavipanga mezani kwangu kimoja kimoja kama mtu anayefungua duka. Kisha akanigeukia bila hata chembe ya utani usoni, akaniuliza kama jino lake la bandia nalo linahesabika.

"Liache jino, Rubani," nikamwambia. "Panda mzani."

Akapanda. Akafumba macho, akavuta tumbo ndani, utadhani mzani unapima kiuno. Kilo themanini na moja na gramu mia mbili.

"Nishuke nipande tena?"

"Shuka upande tena."

Ikawa ileile. Akashuka na kuketi kwenye kiti cha wagonjwa, soksi moja ikiwa na tundu la kidole gumba, akanitazama kwa macho ya mtu aliyedanganywa na ndugu.

"Sista Mwajabu, mliniambia nitapungua."

Ni kweli tulimwambia. Kijikaratasi chenyewe kilikuwa ukutani nyuma yangu: mwanamume mwembamba amelala anatabasamu, na chini yake maneno Lala Vizuri, Upungue. Nilikibandika mimi mwenyewe kwa gundi ya nguvu, na tangu nilipoacha kukiamini nimeshindwa kukibandua.

Mlinzi ni kidude kidogo kama kokwa ya tende. Hushonewa chini ya mfupa wa bega, na mtu akishalala hugusa mshipa wa ulimi ili ulimi usirudi nyuma ukaziba koo. Sisi wa Kituo cha Pumzi pale Lushoto tuliweza kukiongeza au kukipunguza nguvu tukiwa mezani, kuanzia ngazi ya kwanza hadi ya tisa. Shehoza alikuwa ngazi ya saba. Kabla hajawekewa, pumzi yake ilikatika mara arobaini na saba kwa saa. Sasa ilikuwa mara mbili, na mara mbili si ugonjwa, hata mimi huenda ninazo.

Kwa hiyo alikuwa amepona. Kilichobaki ni kwamba alikuwa amenenepa kilo nne kwa miezi mitano.

"Nieleze, nielewe," akasema. "Sili zaidi ya zamani. Ugali uleule, maharage yaleyale. Imekuwaje?"

"Zamani ulikuwa unapigania hewa usiku kucha," nikamwambia. "Mbavu zinavuta, tumbo linavuta, moyo unakimbia. Kwa mwili wako, kila usiku ulikuwa unabeba gunia la viazi kutoka Mng'aro bondeni mpaka Mtae juu mlimani. Sasa umelitua. Kazi imekwisha, chakula ni kilekile. Kinachobaki unakivaa."

Akalitafakari lile gunia. Halafu akasema neno ambalo sikulitegemea.

"Basi nitwishe tena."

"Nini?"

"Kidogo tu. Nishushe ngazi. Wiki mbili, Sista, niitoe hii kilo na ushee, halafu unirudishe. Upimaji wa mwaka una wiki nne tu."

Hapo ndipo penye uchungu, na ni vizuri nipaeleze. Shehoza alirusha mbayuwayu, vile vyombo vidogo vyeupe vya kubebea wagonjwa ambavyo watu wa mjini huviona kwenye picha na kudhani ni vya kuchezea. Mbayuwayu hubeba watatu: rubani, nesi na mgonjwa. Hewa ya juu Usambara ni nyepesi na pepo zake hazina adabu, kwa hiyo kila kilo ya rubani ni kilo iliyotolewa kwa mgonjwa au kwa betri. Sheria ya Huduma ya Mabawa ilisema rubani asizidi themanini na mbili akiwa na viatu na sare. Viatu na sare ni kilo mbili. Katikati ya mwaka hakuna anayeuliza, ila siku ya upimaji hakuna anayesamehe.

Zamani marubani wa upande wa Mtae walikuwa watatu. Mmoja alihamia pwani, mwingine macho yalimkataa. Akabaki Shehoza peke yake. Barabara kutoka Mtae hadi hospitali kubwa Korogwe ni saa sita mvua isipokuwepo. Kwa mbayuwayu ni dakika kumi na nane. Kufundisha rubani mpya huchukua miezi minane, na masika ilikuwa mlangoni.

"Nikiondoka mimi," akasema taratibu, "unawajua watakaokaa barabarani."

Niliwajua. Wawili kati yao ni wakwe zangu.

"Na unajua kwa nini ulikuja hapa mara ya kwanza," nikamjibu.

Akainamisha kichwa. Siku ile ya kwanza alinieleza jambo ambalo hakumwambia hata mkewe. Alisinzia angani. Nyuma yake palikuwa na nesi na mama mwenye uchungu, wote wawili wakitazamana wenyewe kwa wenyewe, hakuna aliyemwona. Chombo kikajinyoosha chenyewe, kama kilivyofundishwa, na Shehoza akazinduka akaikuta misitu ya kijiji cha Mambo iko karibu kuliko inavyotakiwa. Aliponisimulia, mimi nikamwahidi kwamba tutamponya na habari itakufa pale mezani. Ndivyo nilivyofanya. Sijui kama nilikosea. Nilidhani siri ya ugonjwa hupona pamoja na ugonjwa.

"Nitachukua likizo," akasema. "Sitapaa. Wiki mbili nitakuwa nyumbani napalilia kabichi. Nani atadhurika zaidi yangu? Mwili wangu, usiku wangu."

Nilitafuta kosa katika maneno yake na sikuliona. Kanuni iliniruhusu kumweka mgonjwa ngazi yoyote kati ya nne na nane bila kumuuliza daktari. Yeye ni mtu mzima, hakuwa akiomba kufa, alikuwa akiomba kuchoka. Moyoni nilijua kwamba nimevaa koti jeupe ili nimwambie mtu hapana wakati kama ule. Lakini nilimwonea huruma, tena huruma ile mbaya inayotaka ishukuriwe papo hapo.

Nikamrudisha ngazi ya nne.

"Wiki mbili," nikamwambia. "Na usiguse usukani."

Akavaa soksi zake, akatabasamu mpaka jino la bandia likaonekana.

2

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano saa moja asubuhi, kabla sijafungua madirisha, mlango ulisukumwa na akaingia Mwantumu, mke wa Shehoza. Mwantumu ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na heshima nyingi. Msambaa asiyekusalimia asubuhi ama ana msiba ama ana ugomvi. Mwantumu hakunisalimia.

"Nani amemrudisha yule?" akasema.

"Yule nani, Mama Salehe?"

"Yule wa zamani! Nani amemrudisha nyumbani kwangu?"

Nikamshika mkono nikamkalisha. Alikuwa na viatu vya kuogea, na kanga moja kaifunga juujuu. Alikuwa amepanda bodaboda ya umeme kutoka Lukozi katika baridi ile ya alfajiri.

"Jana alianza kukoroma," akasema. "Sista, nisamehe, mwanzo nilifurahi. Miezi mitano sijamsikia mume wangu. Nikasema moyoni, afadhali, kumbe yupo. Nikalala. Halafu akanyamaza katikati, namna ile. Nikahesabu. Moja, mbili, mpaka kumi na mbili. Nikamtikisa. Akarudi. Tena akanyamaza. Usiku kucha nimetikisa, Sista. Mkono huu hapa, sina hata nguvu ya kushika kikombe."

"Nani alikufundisha kuhesabu?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza nani alimfundisha kutembea.

"Mama mkwe. Wiki ya kwanza ya ndoa. Alinishika mkono akauweka mgongoni kwa mumewe, mchana kweupe, baba mkwe amelala barazani. Akaniambia, wanaume wa nyumba hii hukatika, mke hulala na mkono mgongoni. Ukifika kumi na mbili, tikisa. Naye alifundishwa na mkwewe." Akajifuta pua kwa ncha ya kanga. "Mama mkwe alikwenda msibani Bumbuli siku mbili. Aliporudi alikuta msiba mwingine nyumbani kwake."

Nimefanya kazi ya pumzi miaka kumi na minne. Nina mashine zinazohesabu kila kinachotoka puani mwa mtu, na sikuwahi kujua kwamba katika nyumba moja kule Lukozi kuna wanawake waliokuwa wakifanya kazi hiyohiyo kwa kiganja, kizazi baada ya kizazi, bila mshahara na bila usingizi.

"Na hii miezi mitano?" nikauliza. "Alipokuwa kimya?"

Mwantumu akaona haya. Akatazama sakafu.

"Ndiyo mbaya zaidi. Zamani nilikuwa nangoja kimya kiishe. Sasa kimya hakiishi. Naamka, sisikii kitu, nahesabu kumi na mbili, namtikisa. Anaamka anauliza, kuna nini? Nimwambieje? Nimwambie nilidhani umekufa? Mtu mzima, amepona, namchuria kifo?" Akapunguza sauti. "Basi namwambia nimekuletea uji."

"Uji?"

"Nikawa nalala na chupa ya chai pembeni, imejaa uji. Wa ulezi, maziwa na karanga za kusaga. Anakunywa, namwona anameza, roho inatulia, nalala."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Siku ya wasiwasi, tatu."

Kwenye ripoti zake, kila usiku, niliona Shehoza anaamka mara mbili tatu bila pumzi kukatika, na mimi, bingwa mzima, niliandika pembeni: kibofu. Kilo nne nilizozieleza kwa gunia la viazi la Mng'aro, kumbe nusu yake ilikuwa ikinywewa kitandani kwa mapenzi.

"Mama Salehe, ni mimi niliyemshusha ngazi," nikasema. "Aliniomba. Anataka apungue kabla ya upimaji. Yuko likizo, lakini nitamrudisha sasa hivi, na..."

"Likizo ipi?" akanikatiza. "Wamempigia simu saa kumi na moja. Kuna mama huko Mtae, mtoto amekaa vibaya. Amekwenda uwanjani."

Sikumbuki kunyanyuka. Nakumbuka kiti kikianguka. Niliipigia ofisi ya uwanja, akapokea Injinia Kiluwa, mkuu wa marubani, mtu wa maneno machache ambaye hata kicheko chake hukipima.

"Shehoza amepaa?"

"Anawasha chombo."

"Usimruhusu. Jana usiku hakulala. Ni kosa langu, nitaeleza baadaye. Naomba niongee naye."

Ikapita kama nusu dakika. Halafu nikasikia mvumo wa mabawa na sauti yake.

"Sista."

"Shuka."

"Kuna mtu ananisubiri."

"Najua. Shuka."

"Dakika kumi na nane tu. Niko macho kabisa, nimekunywa kahawa vikombe viwili."

"Na mara ya Mambo ulikunywa vikombe vingapi?"

Mvumo uliendelea. Mwantumu alikuwa amesimama, ananitazama mdomoni, na wakati ule ndipo alipoelewa kwamba kuna kitu kinaitwa mara ya Mambo ambacho hajapata kuambiwa. Aliinyakua simu mkononi mwangu.

"Baba Salehe," akasema. "Nimehesabu usiku kucha. Huko juu nani atahesabu?"

Mvumo ukapungua, ukapungua tena, ukazima.

Kutoka Korogwe akatumwa rubani binti, Zubeda, ambaye hakuwahi kutua Mtae peke yake. Kwa kumsubiri, yule mama alichelewa dakika arobaini. Dakika hizo nilikaa na Mwantumu kwenye benchi la wagonjwa, kila mmoja ameshika mkono wa mwenzake kama tuliofiwa. Saa tatu kasoro Injinia alipiga simu. Mtoto wa kiume, kilo tatu, mama mzima. Mwantumu akalia kwa sauti, nami nikalia, halafu nikamnyanyua yule mgeni wangu nikampikia chai.

Nilimrudisha Shehoza ngazi ya saba. Kisha nikapanda ghorofani kwa Daktari Mbwambo nikamweleza yote, pamoja na ile ahadi niliyoitoa miezi sita nyuma ya kuficha habari ya Mambo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo lililonitisha kuliko kelele. Akaniandikia onyo, nami nikatia sahihi. Kuhusu Mambo akasema Shehoza apewe nafasi ya kusema mwenyewe kabla ya upimaji. Asiposema, nitasema mimi, na hadi hapo haruhusiwi kugusa chombo.

3

Ijumaa mchana nilikwenda Lukozi. Nyumba yao iko ukingoni mwa mabonde ya kabichi, bati jekundu, barazani pana ndoo za matunda damu zinazosubiri mnunuzi. Shehoza alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya viazi, kazi ambayo naona alipewa kwa adhabu.

"Karibu, Sista. Nimefungiwa, kama unavyoona."

"Onga makeo," nikamsalimia Mwantumu, na ingawa ilikuwa saa saba mchana alicheka, akaniitikia salamu yangu ya asubuhi ili kufuta ile ambayo hakunipa Jumatano.

Nilikuwa nimekuja na bangili. Wodi ya wazazi wanazo nyingi, za mama ambao watoto wao wamezaliwa kabla ya siku zao. Mtoto akivuta pumzi, bangili inamgonga mama kidogo mkononi, tiki, ili mama asinzie bila hofu. Nilikuwa nimeomba moja na kukesha kituoni nikiifundisha ifuate Mlinzi badala ya mtoto. Mlinzi hufanya kazi mtu akiwa usingizini tu, kwa hiyo nayo ingegonga Shehoza akiwa amelala tu, hata awe mbali kiasi gani. Lakini bila ruhusa yake nisingeweza kumpa mtu mwingine pumzi zake, hata kama mtu huyo ni mkewe.

Niliwaeleza. Shehoza akaacha kumenya.

"Ya nini? Si nalala kimya sasa? Yeye mwenyewe ndiye aliyefurahi kuliko wote. Mpaka ananiamsha kwa uji."

Mimi na Mwantumu tukatazamana.

"Mwambie," nikasema.

Akamwambia. Alisema yote akiwa amempa kisogo mumewe, anapangusa kitu ambacho hakikuwepo mezani. Kuhusu kumi na mbili, kuhusu kimya kisichoisha, kuhusu chupa ya chai. Shehoza alisikiliza, kisu kimesimama hewani.

"Nilidhani unasherehekea," akasema mwishowe.

"Nisherehekee nini saa tisa?"

"Kwamba nimepona. Ulikuwa unakaa unanitazama ninavyokunywa. Sikuwa na njaa hata siku moja, Mama Salehe. Nilikuwa nakunywa ili nisikuvunje moyo."

"Na mimi nilikuwa nalazimika kuupika ili usijue nilidhani umekufa!"

Alianza kucheka yeye, Mwantumu. Kikamshika kicheko mpaka akakaa chini kwenye mkeka, na Shehoza akacheka mpaka kiazi kikamtoka mkononi, na mimi nikawaza habari ya maziwa na karanga vilivyoteketea. Halafu, kama inavyotokea kwa watu waliooana siku nyingi, kicheko kikageuka wakati hawajajiandaa. Shehoza akafumba uso kwa mikono yenye maji ya viazi.

"Miaka kumi na tisa," akasema. "Miaka kumi na tisa hukulala, na mimi nilikuwa naamka nalalamika kwamba nimechoka."

Mwantumu akamwekea mkono mgongoni, palepale pa kila siku.

Shehoza akaikubali bangili. Nikamvalisha mkewe mkono wa kushoto, nikamwambia Shehoza aende ndani ajinyooshe kidogo, maana kwa usiku ule wa ngazi ya nne bado alikuwa na deni mwilini. Haikupita robo saa. Tulikuwa tunaongea habari ya bei ya kabichi nilipomwona Mwantumu amenyamaza, ametazama mkono wake. Akauchukua mkono wangu akavibandika vidole vyangu juu ya bangili. Tiki. Tiki. Tiki. Polepole, sawasawa, wala haikuruka hata moja. Nilitaka kuvitoa vidole, akavizuia.

"Subiri," akanong'ona. "Nimefika mia moja na kumi."

4

Siku ya upimaji ilikuwa na ukungu mpaka saa nne. Uwanja wa mbayuwayu wa Lushoto si mkubwa, ni shamba lililosawazishwa, na watu walikuwa wamejipanga kwenye uzio kwa sababu huku kwetu hata mzani ni tamasha. Zubeda alipimwa wa kwanza: hamsini na tisa na viatu. Wakampigia makofi.

Uji ulikuwa umekoma wiki tatu na nusu. Nilikuwa nimemwambia Shehoza ukweli wote bila kuupaka sukari: kwamba uji ni nusu tu. Nusu ya pili ni ile kazi ya usiku ambayo mwili wake umeiacha, na hiyo hairudi mpaka pumzi ikatike tena. Angeweza kupunguza ugali, angeweza kutembea. Alifanya vyote. Nilimpa kila nilichokuwa nacho isipokuwa ngazi ya nne.

Akapanda mzani akiwa na sare kamili. Safari hii hakufumba macho.

Themanini na mbili na gramu mia tatu.

Pale kwenye uzio watu wakaguna. Injinia Kiluwa aliitazama ile namba muda mrefu. Nilimwona anaangalia viatu vya Shehoza, vile vizito vya ngozi, na najua alichokuwa akiwaza, maana hata mimi nilikiwaza. Kiatu kimoja kile ni gramu mia tano.

"Vua kofia na koti, Shehoza," akasema kwa sauti ya chini. "Na hivyo viatu naona vina matope."

"Havina matope, Injinia," Shehoza akajibu. "Nimevisafisha jana."

"Nakusaidia, bwana."

"Najua. Ahsante." Akashuka mzanini, akasimama wima mbele yake. "Hizi gramu mia tatu ni usingizi wangu. Nilijaribu kuzirudisha mwezi uliopita, nikakaribia kupaa nikiwa nimekesha. Sizirudishi tena. Na kuna jingine. Miezi saba iliyopita nilisinzia angani, juu ya Mambo, nina abiria wawili. Sikumwambia mtu isipokuwa Sista. Wiki nne hizi nimelitafutia maneno mazuri nikayakosa, basi ni hilo."

Mimi nilikuwa nimeng'ata ncha ya mtandio wangu. Nilimwona Injinia Kiluwa akivua miwani, akiifuta, akiivaa tena.

"Sasa unalala?"

"Nalala."

"Nani anathibitisha?"

"Mimi," nikasema, na palepale nikasikia sauti nyingine imesema neno hilohilo. Mwantumu alikuwa amepenya uzio. Aliinua mkono wake wa kushoto, bangili inaonekana, na Injinia akamtazama kana kwamba ameona shahidi wa ajabu katika kesi isiyokuwa na mahakama.

Hakumsamehe. Nisimsingizie wema wa hadithi. Alimnyima abiria kwa miezi sita, na akina mama wa Mtae akampa Zubeda, ambaye angehamia huku kwa muda, huku Shehoza akimfundisha pepo za Mambo na mahali pa kutua penye mteremko. Lakini damu na dawa hazina uchungu wa kuzaa na hazina haraka ya kuogopesha, na kwa mizigo sheria ya kilo ni tofauti. Vibweta vinne vya damu vilikuwa vinasubiri kwenda Mtae asubuhi ileile.

"Peleka hivyo," akasema Injinia. "Polepole."

Shehoza akaiweka sawa kofia yake kichwani. Alipotupita alipunguza mwendo, macho yamemlowa, akamgusa mkewe begani. Nilijua alichopoteza. Miaka ishirini amesikia watoto wakilia kwa mara ya kwanza nyuma ya kiti chake, na sasa nyuma yake kungekuwa na vibweta.

Mbayuwayu ikanyanyuka, ikatikisika kidogo, ikashika njia ya kaskazini kuelekea kwenye ukungu. Watu wakaanza kutawanyika. Mwantumu hakuondoka. Alisimama ametazama juu, vidole viwili vya mkono wa kulia juu ya bangili, midomo yake ikicheza. Nikajua anahesabu. Nikamsogelea, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliwaza ule mkono wake ungefanya nini kama bangili ingegonga sasa, na yeye yuko huku chini.

Alifika kumi na mbili. Akafika ishirini. Akafika hamsini, chombo kikawa doa, doa likaisha.

"Vipi?" nikamuuliza.

Akanigeukia. Sijawahi kumwona mtu amefurahia neno lile namna ile.

"Kimya," akasema. "Kimya kabisa, Sista. Yuko macho."